Dondoo muhimu: Kumtafuta babu wa Marekani ya kale

Kumbukumbu za familia zilizofika Marekani kabla ya uhuru wa 1776 zina mapengo, na mara nyingi zinapingana.

1. Anza na kizazi cha karibu, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Usirukie jina maarufu la karne ya 17.
2. Usitegemee sensa pekee: kabla ya 1850 ilitaja kwa jina mkuu wa kaya tu.
3. Kagua kalenda kabla ya kukataa tarehe. Hadi 1752, mwaka rasmi katika makoloni ya Uingereza ulianza Machi 25. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa kalenda ya zamani ilikuwa nyuma kwa siku 11, George Washington alizaliwa Februari 11, 1731 kwa hesabu ya zamani, na Februari 22, 1732 kwa hesabu ya sasa. Zote ni sahihi.
4. Usidhani "mkubwa" na "mdogo" ni baba na mwana. Huenda ni majirani tu wenye jina moja.
5. Soma wosia na hati za ardhi hadi majina ya mashahidi: wengi walikuwa ndugu au wakwe.
6. Tafuta pia katika kaunti mama, maana kaunti ziligawanywa mara kwa mara.
7. Nasaba iliyochapishwa bila kutaja chanzo ni fununu, si ushahidi.