Mwamba Uliofungwa: Wavuvi wa Pweza na Ulinzi wa Bahari Yao

Kijitabu hiki ni cha wavuvi wa pweza wa mwambao na visiwani: kina mama wanaochokoa kwa miguu maji yakikupwa, na wanaume wanaozamia kwa miwani na mkuki. Ni cha wachuuzi pia, na cha kamati za uvuvi, ambazo Bara na Kenya hujulikana zaidi kwa jina la BMU.

Mara nyingi mvuvi hutajwa pale tu bahari inapoharibika. Ni kweli kwamba baruti, juya la kukokota na nyavu za macho madogo vimeua miamba mingi. Lakini vipo vijiji ambako wavuvi wenyewe ndio waliochukua hatua ya kwanza ya kulinda mwamba wao. Walifunga sehemu yake kwa miezi miwili mitatu, wakaufungua, wakavua, wakaja kuufunga tena. Tunaamini hakuna anayeweza kuulinda mwamba kuliko yule anayeujua kila pango lake na anayekula kutokana nao.

Pweza na umri wake

Pweza wa miamba yetu haishi sana. Akifikisha mwaka mmoja, au zaidi kidogo, siku zake zimekwisha. Katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ambayo samaki wengi hawana. Pweza mdogo akiachwa kwa miezi miwili mitatu, uzito wake unaweza kuongezeka maradufu na zaidi. Ndiyo maana kufunga mwamba kwa muda mfupi kunaleta faida ambayo kijiji kinaiona kwa macho.

Jike hutaga mara moja tu maishani mwake. Hutafuta pango, akaziba mlango kwa mawe na vipande vya matumbawe, akayaning'iniza mayai darini, kisha akakaa nayo akiyapulizia maji bila kutoka kwenda kuwinda. Mayai yakishaanguliwa, mama hufa, na vitoto huchukuliwa na mkondo. Anayemtoa jike huyo pangoni hupata nyama iliyokonda, na huku ameangamiza maelfu ya pweza ambao wangekuja kuvuliwa na yeye au na jirani yake. Ukikuta mlango umezibwa kwa mawe na pweza ndani hataki kutoka, mwache.

Kwa Tanzania Bara, Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Mchuuzi naye ana sehemu yake katika jambo hili, kwa sababu pweza mdogo asiponunuliwa, hakuna atakayehangaika kumchokoa.

Walioanza

Mwishoni mwa mwaka 2004, wavuvi wa jamii ya Wavezo katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga mwamba mmoja kwa takriban miezi saba wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures. Ulipofunguliwa mwaka 2005 walivua pweza wakubwa, na vijiji jirani vikataka kufanya vivyo hivyo. Mwaka huohuo serikali ya Madagaska iliweka kipindi cha kusitisha uvuvi wa pweza kwa ukanda wote wa kusini-magharibi. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 2006 vijiji viliungana na kuunda eneo la Velondriake, linalosimamiwa na wavuvi wenyewe. Huko Rodrigues, kisiwa cha Mauritius, mwaka 2012, uvuvi wa pweza ulisimamishwa kwa miezi miwili katika kisiwa kizima, na wavuvi wakapewa kazi nyingine za malipo hadi siku ya kufungua.

Kwetu, utaratibu huu umefika Kisiwa Panza huko Pemba, Kizimkazi, Songosongo, Jibondo karibu na Mafia, na Pate katika Lamu.

Kabla ya kufunga

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na hapa ndipo mipango mingi huharibikia. Swali la kwanza ni nani atakayekosa kitoweo mwamba ukifungwa. Mzamiaji mwenye ngalawa ataenda mwamba mwingine. Mama anayechokoa kwa miguu hana pengine pa kwenda, kwa sababu bahari yake inaishia pale maji ya bamvua yanapomruhusu kufika. Mkifunga sehemu anayoitegemea bila kumuuliza, mmemtwisha yeye peke yake gharama ya kijiji kizima. Kwa hiyo kina mama wawemo kwenye kamati na wawepo wakati wa kuchagua mwamba, tena mkutano upangwe saa ambayo hawako pwani. Kuwaita kusikiliza uamuzi uliokwisha kupitishwa hakutoshi.

Swali la pili ni wageni wa dago. Ndugu hawa hufuata msimu, na pengine wameizoea bahari hiyo kwa miaka. Wakute taarifa mapema, kutoka kwa kamati na kwa wenyeji wanaowapokea, kabla hawajapiga kambi. Mipaka iwekwe kwa maboya na kwa alama za nchi kavu ambazo kila nahodha anazijua. Doria ya usiku ni lazima, maana wizi wa pweza hufanyika kwa taa. Adhabu ikubaliwe na kijiji kizima, iandikwe, na imshukie mtoto wa mwenyekiti sawasawa na mgeni.

Siku ya kufungua

Chagueni siku ya bamvua, ili waendao kwa miguu nao wafike. Kubalianeni saa ya kuanza na alama yake, asiingie mtu kabla. Watu watakuwa wengi, na matumbawe huvunjika kwa kukanyagwa na kwa kugeuza mawe; aliyegeuza jiwe alirudishe lilivyokuwa. Mizani iwepo pwani, na kila pweza apimwe na kuandikwa. Zungumzeni bei na wachuuzi siku kadhaa kabla, pamoja na suala la barafu, kwa sababu mzigo mwingi ukifika kwa pamoja bila mpango huo, bei huanguka, na aliyesubiri miezi mitatu hurudi nyumbani na pesa kidogo kuliko alizotarajia.

Jueni pia kwamba faida ya kufunga inaweza kumalizwa ndani ya siku chache za kufungua ikiwa kila mtu atavua bila kujizuia. Sheria ya gramu 500 na ya kumwacha jike mwenye mayai haikomi mwamba unapofunguliwa.

Miezi mitatu inamtosha pweza. Haimtoshi chewa, anayehitaji miaka kabla ya kufikia umri wa kuzaa, wala haiwezi kuotesha tena matumbawe yaliyopigwa baruti. Kwa hayo inabidi kipande cha mwamba kiachwe bila kuvuliwa kabisa. Ni uamuzi mzito, na hatushauri kijiji kianze nao. Vijiji vya Velondriake navyo vilianza na pweza, na ni baada ya kuyaona mavuno ndipo vilipokubali kutenga sehemu zisizovuliwa.