Kiima cha Taarifa: Redio ya Umma na Siasa ya Dola Nchini Kenya

Utangulizi

Taarifa ya habari ya redio aghalabu huchukuliwa kuwa chombo cha kupasha habari tu. Makala haya yanaichunguza kama matini, na yanashikilia kwamba nafasi ya kiima na uteuzi wa kitenzi hudhihirisha uhusiano wa redio ya umma na dola. Mfano unaorejelewa ni Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mnamo 1989.

Cheo Mwanzoni mwa Sentensi

Enzi ya utawala wa Daniel arap Moi (1978–2002), msikilizaji wa Idhaa ya Taifa alizoea taarifa zilizofunguliwa kwa "Mtukufu Rais". Awe amezindua mradi au amehudhuria ibada tu, shughuli yake ilitangulia. Kimtindo, urudiaji huu haukuongeza habari, ulithibitisha cheo. Mpangilio wa habari ukawa ndio mpangilio wa madaraka.

Waasi nao waliielewa nguvu hiyo. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wanajeshi watiifu walipokikomboa kituo, tangazo la kinyume lilisikika katika mawimbi yale yale. Kwa saa chache hizo, mwenye kipaza sauti ndiye aliyeonekana kuwa mwenye nchi.

Mtenda Anapofichwa

Zingatia sentensi hizi, zilizotungwa kwa ajili ya ufafanuzi:

(a) Polisi wamewaua waandamanaji wawili.
(b) Waandamanaji wawili wameuawa.
(c) Waandamanaji wawili wamepoteza maisha.

Zote ni sanifu, lakini hazisemi jambo moja. Katika (a), mtenda ndiye kiima. Katika (b), kauli ya kutendwa imemwondoa mtenda, ingawa kitenzi kingali kinakiri kwamba yupo aliyeua. Sentensi (c) imeenda mbali zaidi: marehemu wenyewe ndio kiima, mithili ya watu waliopoteza mali yao kwa uzembe. Bila shaka, pale muuaji asipojulikana, (b) ni kauli ya uaminifu. Anapojulikana, (b) na (c) huwa ni ngao ya wenye mamlaka.

Sheria na Sarufi

Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, KBC ndiyo iliyoyapeperusha kutoka chumba cha faragha, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 34(4), inavitaka vyombo vya utangazaji vya dola viamue maudhui yao kwa uhuru, visiegemee upande wowote na vitoe fursa ya haki kwa maoni yanayotofautiana.

Hitimisho

Sheria inaweza kumhakikishia mpinzani dakika zake hewani. Haiwezi kumchagulia mwandishi kitenzi. Uteuzi huo humwangukia mhariri na mfasiri wa habari, kazi ambazo wahitimu wengi wa Kiswahili huzitamani. Kwa hivyo, somo la kauli za vitenzi lisiishie katika mtihani. Atakayeketi kwenye dawati la habari kesho atapaswa kujiuliza, kabla ya kila sentensi: nani ametenda, na je, ametajwa?