Jina la Chuo na Bei Yake: Njia ya Udaktari Huko Marekani

Katika kidato chetu cha nne tuko wengi tunaosema kuwa tutakuwa madaktari. Hapa kwetu Tanzania njia yake inajulikana: mtu humaliza kidato cha sita, akifaulu vizuri huingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari, husoma miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi. Mimi nilidhani dunia nzima ni hivyo. Nilitambua kosa langu mwezi wa Aprili mwaka huu, nilipokuwa nyumbani kwa likizo fupi, kwa sababu ya simu za baba yangu mdogo anayeishi Maryland, Marekani. Jambo lenyewe limenifundisha hesabu nyingi kuliko nilizopata darasani muhula huu (Mwalimu wetu wa Hesabu anisamehe), na ndilo ninalotaka kulieleza.

Baba mdogo ana binti, ambaye kwa desturi yetu ni dada yangu. Anataka kuwa daktari, na alikubaliwa na vyuo viwili. Kimoja ni chuo cha watu binafsi chenye jina kubwa, ambalo hata mwenye duka wa kwetu amelisikia. Cha pili ni chuo kikuu cha serikali ya jimbo lao, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwao. Alitakiwa kujibu kabla ya tarehe 1 Mei kupita. Shangazi alisema hapana haja ya mazungumzo, aende penye jina. Baba mdogo alinyamaza, na baba yangu akasema kuwa ndugu yake akinyamaza ujue anapiga hesabu.

Yafaa kwanza kuelewa jinsi njia ya Marekani ilivyo ndefu. Kwa kawaida mtu husoma digrii ya kwanza miaka minne, kisha shule ya udaktari miaka minne mingine, kisha mafunzo ya kazi hospitalini miaka mitatu hadi saba. Hiyo digrii ya kwanza yaweza kuwa ya somo lo lote, hata Historia, maadamu mwanafunzi amesoma Baolojia, Kemia ya kawaida na ya kaboni, Biokemia na Fizikia, pamoja na kazi za maabara. Baadaye hufanya mtihani uitwao MCAT, ambao alama zake huanzia 472 na kuishia 528. Mtihani huo ni mmoja kwa wote. Msahihishaji hajui mtahini ametoka chuo gani. Mwaka 2024 walioomba nafasi katika shule za udaktari walipita 50,000, na walioingia walikuwa kama 23,000. Wastani wa alama za chuoni za hao walioingia ulikaribia 3.8, ilhali alama ya juu kabisa ni 4.

Kwa hiyo chuo cha kwanza ni kituo cha njiani tu, nacho chaweza kumaliza nauli yote. Dada yangu alitusomea barua zake kwa simu, na mimi nikaandika tarakimu nyuma ya daftari la Fizikia. Chuo chenye jina kilidai dola 91,000 kwa mwaka, ada, chakula na malazi pamoja, kikampunguzia 30,000, zikabaki 61,000. Cha serikali kilidai 31,000, kikampunguzia 6,000, zikabaki 25,000. Baba mdogo na mkewe waliweza kutoa 22,000 kila mwaka, si zaidi. Basi chuo cha kwanza kingetaka mkopo wa 39,000 kila mwaka, yaani 156,000 kwa miaka minne. Cha pili, 12,000. Hapo sikuhesabu kupanda kwa bei, nazo hupanda karibu kila mwaka.

Je, mkopo huo utatoka wapi? Serikali yao humkopesha mwanafunzi anayetegemea wazazi dola 27,000 kwa miaka minne ya digrii ya kwanza. Mzazi naye, kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, hawezi kukopa serikalini zaidi ya 65,000 kwa mtoto mmoja, akianza kukopa tarehe 1 Julai 2026 au baadaye. Jumla ni 92,000. Zile 64,000 zilizosalia zingetoka benki, ambako riba haingoji mtoto amalize kusoma. Tena sheria hiyo hiyo imemwekea mwanafunzi wa udaktari kikomo cha 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, ambapo awali aliweza kukopa serikalini gharama yote. Shule nyingi za udaktari hudai zaidi ya 50,000 kwa mwaka. Mtu aliyekwisha kwenda benki kwa ajili ya kituo cha kwanza atarudi huko huko kwa ajili ya cha pili.

Sina budi kukiri kuwa mimi si shahidi asiye na upande. Dawa za bibi yetu za shinikizo la damu hununuliwa kwa fedha anazotuma baba mdogo, na godoro ninalolalia bwenini vile vile. Shangazi alinikumbusha hayo mbele ya watu nilipoonyesha hesabu yangu, nami nikaona haya. Basi nikarudi kutafuta hoja za upande wake, na nilizipata.

Kwanza, bei iliyochapishwa si lazima iwe bei utakayolipa. Mwezi Machi 2025 chuo kikuu cha Harvard kilitangaza kuwa familia yenye pato lisilozidi dola 100,000 kwa mwaka haitalipa cho chote, na isiyozidi 200,000 haitalipa ada. Kwa mtoto wa maskini hasa, chuo chenye jina huweza kuwa rahisi kuliko cha serikali. Wanaoumia ni walio katikati, kama baba mdogo, na kila chuo kina kipimo chake. Pili, wachumi Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti wao wa mwaka 2002, walilinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, wengine wakaenda penye jina zaidi na wengine wasiende. Kwa jumla mapato yao baadaye hayakutofautiana. Lakini waliotoka familia za kipato cha chini walifaidika kwa kwenda penye jina. Shangazi alifurahi sana kusikia hilo la mwisho.

Hata hivyo jina la kujulikana na watu na sifa ya kutoa madaktari ni vitu viwili. Xavier, chuo cha Kikatoliki kilichoko New Orleans, kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, si jina la kutajwa dukani kwetu. Lakini kwa miaka mingi kimekuwa mstari wa mbele nchini humo kwa kupeleka vijana weusi katika shule za udaktari. Huko Maryland kwenyewe kipo chuo cha jimbo kiitwacho UMBC, chenye mpango wa Meyerhoff wa kulea wanasayansi tangu 1988. Dakta Kizzmekia Corbett, aliyeshiriki kutengeneza chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna, alimaliza hapo mwaka 2008.

Nilimshauri dada aviulize vyuo vyote viwili swali moja. Vyuo vingine hujisifu kuwa karibu wote wanaoomba udaktari kutoka kwao hupokewa, lakini huhesabu wale tu walioandikiwa barua na kamati ya chuo. Waliokatishwa tamaa na Kemia mwaka wa kwanza hawamo katika hesabu. Basi aulize: walioanza walikuwa wangapi? Chuo cha serikali kilimjibu kwa tarakimu. Kile kingine kilimpelekea kitabu chenye picha nzuri.

Aliomba pia afikiriwe upya msaada, akaongezewa dola 4,000. Baba mdogo alipiga hesabu tena, usiku mzima kwa mujibu wa mkewe, na safari hii alizungumza. Tarehe 29 Aprili dada alipeleka jibu katika chuo cha serikali. Shangazi hajapiga simu tangu siku hiyo. Masomo yataanza mwishoni mwa Agosti, na Kemia ndiyo ya kwanza katika ratiba yake.