Stata nzito asubuhi: betri au alternata?

SWALI: Gari langu, Noah, linalala nje Igoma, Mwanza. Asubuhi stata inazunguka kwa uvivu, taa za dashibodi zinafifia na saa ya redio inarudi sifuri. Fundi anataka nibadili alternata. Nikubali?

JIBU: Pima kwanza, ndugu. Betri iliyozeeka huzusha dalili zote hizo. Safisha vichwa vyake, kaza nyaya, kisha tumia mita ya volti.

Asubuhi kabla ya kuwasha, volti 12.6 maana yake betri imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Mwenzako apige stata: betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, imechoka. Injini ikiunguruma, alternata nzima hutoa takribani 13.8 hadi 14.5. Ukipata hivyo, alternata huenda haina kosa.

Ikiwa betri inajaa mchana lakini asubuhi iko chini, ichaji, kisha chomoa waya wa hasi usiku mmoja. Ikishuka tena, ni betri yenyewe. Isiposhuka, kuna kifaa kinanyonya umeme: anza na redio, alamu na taa ya buti.

Na usichomoe betri injini ikiwaka. Unaweza kuunguza kompyuta ya gari.