SOMO LA IJUMAA: MATUMIZI YA MTOTO HUANZA KABLA HAJAZALIWA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Kasongo na Kabambare,

Somo la leo ni la nyumbani. Mara nyingi, tukitoka katika sala, tunamkuta ndugu mlangoni mwa msikiti, uso ameuinamisha. Anasema: Mwalimu, mke wangu amejifungua salama, alhamdulillah, lakini hawamruhusu kutoka mpaka nilipe. Tunapitisha kofia, tunachanga, mama anarudi nyumbani. Kusaidiana ni wajibu wetu na hatutaacha. Lakini tujiulize ukweli. Ugonjwa huja ghafla, na mwizi huja ghafla. Mtoto haji ghafla. Miezi yote ile tulikuwa wapi?

Sikusemi wewe tu, ndugu msomaji. Najisema na mimi. Mwaka 1995, tukitumia bado fedha ya Zaire, mke wangu alishikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza usiku. Nilikuwa mwalimu wa chuo, kifuani nina Kurani, mfukoni sina kitu. Kila mama mkwe wangu aliponiuliza kama nimetayarisha, nilijibu: Mungu atatoa. Usiku ule nilibisha mlango wa jirani kumwuzia baiskeli yangu, ile niliyobebea mawese kwenda sokoni. Ukiuza usiku unapewa bei ya usiku: nilipata nusu ya thamani yake. Mtoto alizaliwa salama, lakini mwaka mzima nilibeba bidoni za mafuta begani. Mama mkwe aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, Mungu alikuwa ametoa. Alikupa miezi tisa."

Neno hilo ndilo somo letu.

1. HII NI HAKI, SI HISANI

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa wema, na kwamba hakalifishwi mtu ila kwa kiasi cha uwezo wake. Katika Suratut Talaq, aya ya 6 na ya 7, hata mwanamke aliyeachwa, akiwa na mimba, hupewa matumizi mpaka ajifungue. Mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na mwenye dhiki atoe katika kile alichopewa.

Angalia vizuri. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, je, huyu uliye naye ndani, anayekupikia na kukufulia? Tena aya haikusema maskini asitoe kitu. Imesema atoe kwa kadiri yake. Basi umaskini unapunguza kiasi, hauondoi wajibu.

Na mali ya mke ni ya mke. Mama akiuza mawese, karanga au chikwange, fedha ile ni yake. Akikusaidia nayo, ameleta wema wake. Katika hadithi ya Zainabu mke wa Ibn Masud tunafundishwa kwamba anayewapa watu wake hupata thawabu mbili, ya udugu na ya sadaka. Lakini usiifanye fedha yake kuwa ndiyo mpango wako.

2. KUMTEGEMEA MUNGU SI KUKAA BURE

Wako wanaosema: kuweka akiba ni kukosa imani. Hapana. Aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi. Na Bukhari amepokea kwamba Mtume mwenyewe aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Banu Nadhir. Nani ana imani kumpita yeye? Nabii Yusufu naye aliwafundisha watu wa Misri kuiacha nafaka katika mashuke yake miaka ya neema, ili wapate kula miaka ya njaa.

Miezi ya mimba ndiyo miaka yako ya neema. Siku ya uchungu isikukute ghala tupu.

3. HESABU YA NYUMBA

Kaa na mke wako, si peke yako, mchukue daftari. Andikeni mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kujifungua. Mke aanze CPN mapema, na siku ile ya kwanza ulizeni santa ya afya: kujifungua ni franka ngapi? Vitu gani tunaletewa na gani tunanunua wenyewe? Serikali ilianza mwaka 2023, huko Kinshasa, mpango wa kujifungua bila malipo, kisha ikaendelea kuupeleka katika majimbo mengine. Basi ulizeni kwenu wanapokea nini bure na nini hapana. Na hata pale kujifungua ni bure, pikipiki si bure, sabuni si bure, na chakula cha mama na cha anayemlinda si bure. Aliye ng'ambo ya Luama, au kijiji ambacho mvua ikinyesha njia inakatika, afikirie kumleta mke karibu na hospitali kabla ya juma la mwisho, nyumbani kwa dada au shangazi. Hiyo nayo ina gharama yake.

Fungu la pili ni la mtoto na mama nyumbani: vikwembe safi, nguo chache za mtoto, beseni, sabuni, chandarua, tochi, na chakula cha siku 40 za mama. Hapa usijionyeshe. Nguo za mtoto aliyetangulia, zikifuliwa na kukauka juani, ni nguo. Mtoto mchanga hajui nguo mpya.

Fungu la tatu ni la dharura. Wengi wanalisahau, nami nitalieleza zaidi hapa chini.

Sasa fedha itoke wapi? Tuseme mmejua mimba ikiwa na miezi miwili. Yamebaki majuma 30. Ukiweka franka 2,000 kila Ijumaa, siku ya kujifungua utakuwa na franka 60,000. Ukiweka 5,000, utakuwa na 150,000. Ukingoja juma la mwisho, hakuna atakayekupa 60,000 kwa siku moja bila kukuumiza.

Mkulima hana mshahara wa juma, ana mavuno. Naye akivuna mpunga, atenge gunia la mtoto kabla hajauza lolote, aliinue juu ya miti, mbali na unyevu na mchwa. Wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei inashuka. Gunia lile lile likingoja, linakuwa na bei nzuri. Mwenye mbuzi jike, amwandike katika daftari kuwa ni wa mtoto, asimwuze kwa ajili ya simu mpya.

Aliye katika likelemba aombe zamu yake iangukie mwezi wa kujifungua au ule wa kabla yake. Likelemba ni halali, maana kila mtu anapokea kiasi alichotoa, hakuna ziada. Andikeni majina na tarehe, kama Suratul Baqara, aya ya 282, inavyotufundisha kuandika madeni. Fedha usiiweke mfukoni mwako: mfuko una matundu ya maneno ya marafiki. Iweke kwa mtu mwaminifu mbele ya shahidi, au katika simu kama mnayo mawasiliano, na mke ajue kiasi chake.

4. KWA NINI FUNGU LA DHARURA

Huenda ukasema: mke wangu amezaa watoto wanne bila shida, sihitaji fungu hilo. Sikiliza jambo lililojulikana hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 waganga wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, waliwafuata wanawake wengi wenye mimba kuona nani atakwama katika uchungu. Waliona kwamba aliyepata shida katika uzazi wa nyuma ana hatari kubwa zaidi kuliko wenzake. Lakini waliona pia kwamba kati ya waliokwama, karibu 7 katika kila 10 hawakuwa na shida yoyote nyuma. Mwaka 1984 waliandika habari hiyo, na waganga wa nchi nyingine wakajifunza kwa Kasongo.

Basi sisi watu wa Kasongo tusiwe wa mwisho kujifunza. Aliyepata shida zamani akajifungulie hospitali. Na ambaye hakupata shida naye awe na fungu la dharura, maana hakuna anayejua. Fungu hilo ni fedha, na ni watu pia: pikipiki ya nani itaamshwa usiku? Nani atatoa damu ikihitajika? Nani atabaki na watoto? Majina haya yaandikwe katika daftari mwezi wa saba, si usiku wa uchungu.

Usipoitumia dharura, alhamdulillah, itakuwa ya chakula cha mama.

5. ANAYEKWENDA MACHIMBONI

Ndugu zetu wengi wa Kabambare na Kasongo wanakwenda kutafuta dhahabu Salamabila na kwingineko. Riziki ya halali haina aibu. Lakini wako wanaoacha mimba ya miezi mitatu nyumbani wakisema: nitarudi na gramu. Miezi inapita, mke anajifungua kwa huruma ya majirani. Shimo halina ahadi. Kabla hujaondoka, acha matumizi, acha daftari, mwachie kaka au baba neno mbele ya mke. Na unachopata, tuma kidogo kidogo, usingoje kikubwa.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Hindu binti Utba alishtaki kwa Mtume kwamba mumewe hampi matumizi ya kumtosha. Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na mtoto wake, kwa wema. Jua basi kwamba mke akidai matumizi hakukosea adabu. Amedai kilicho chake.

6. DENI NA RIBA

Kukopa kwa dharura si haramu. Lakini ile wanayoiita Banki Lambert, unachukua 100 mwisho wa mwezi unarudisha 130 au 150, hiyo ni riba, na riba Mungu ameipiga vita. Walimu na watumishi wengi mshahara wao umeliwa huko kabla haujafika. Usimkaribishe mtoto wako duniani kwa fedha ya vita na Mola wake. Nenda kwa ndugu, nenda kwa mwajiri, njoo msikitini mapema, mwezi wa tano, tukae na hesabu yako. Jamaa wanachanga kwa moyo zaidi wakiona mtu amekwisha kuanza.

7. AKIKA BAADA YA HAKI

Akika ni sunna nzuri: siku ya saba, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike, na kunyoa nywele na kutoa sadaka uzito wake wa fedha. Nywele za mtoto mchanga ni nyepesi, sadaka yake ni ndogo, dini ni rahisi.

Lakini sunna haitangulii wajibu. Mama akiwa bado na deni la maternite, au nyumbani hana cha kula, na wewe unakopa mchele na mbuzi ili watu waseme umefanya karamu, umegeuza mambo juu chini. Asiye na uwezo siku ya saba hana dhambi. Wanazuoni wametaja siku ya 14 na ya 21, na katika madhehebu yetu ya Shafi anaweza kungoja mpaka apate, kabla mtoto hajabaleghe. Karamu inangoja. Jeraha la mama halingoji.

8. MAMBO MAWILI YANAYOPUNGUZA GHARAMA

La kwanza, maziwa ya mama. Kurani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na waganga wanasema miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji kingine, hata maji. Basi usinunue maziwa ya kopo ili kufuata majirani. Fedha hiyo mlishe mama: maharagwe, samaki, mboga, karanga. Ukimlisha mama umemlisha mtoto.

La pili, mwandikishe mtoto kwa mwandishi wa Serikali ndani ya siku 90. Katika siku hizo ni bure kwa sheria. Ukichelewa utapelekwa mahakamani, na huko kuna gharama.

HITIMISHO

Ndugu yangu, ikiwa nyumbani kwako kuna mimba, usiiache Ijumaa hii ipite. Leo baada ya chakula mwite mke wako, mfungue daftari, muandike mafungu matatu, na muweke franka ya kwanza, hata iwe ndogo. Ikiwa hakuna mimba kwako, mwulize jirani yako ambaye anayo: umeanza? Kumwuliza mapema ni sadaka kuliko kumchangia baadaye.

Ewe Mola wetu, wape wake zetu kujifungua kwa salama, wape watoto wetu afya na dini, tupe sisi riziki ya halali na akili ya kuitunza, na utusamehe pale tulipokuita Mtoaji huku mikono yetu imelala. Amin.

Wabillahi tawfiq.