KUNI NA MAJI YA NYUMBANI

Wasomaji wetu, katika nchi ya Shinyanga na Geita hakuna kazi zimchoshazo mama wa nyumba kuliko kutafuta kuni na kuteka maji. Watu husema mvua ni haba na pori li mbali. Ni kweli, lakini sehemu ya hasara hii hutokea jikoni na uani mwetu wenyewe.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi miti ilivyotoweka. Zamani za utawala wa Waingereza mapori mengi ya Usukuma yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kisha mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikamaliza mengine. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, iliyoendelea mpaka mwaka 2004. Kazi hiyo ilifufua desturi ya wazee iitwayo ngitili: mahali pafungwapo wakati wa mvua ili majani yakue, kisha ng'ombe hulishwa hapo wakati wa kiangazi. Visiki vya kale vilichipua, na kuni zikapatikana karibu tena.

Lakini miti iliyorudi itakwisha upesi ikiwa jiko hula ovyo. Moto wa mafiga ulio wazi hupeperushwa na upepo. Basi, yazungushieni mafiga ukuta wa udongo, mkiacha mlango wa kuni na nafasi ya moshi. Kuni zipasuliwe na kukaushwa, kwani kuni mbichi hutumia moto wake kujikausha. Maharage yalowekwe tangu usiku. Chungu kifunikwe, na maji yakisha kuchemka, ondoeni kuni kadha wa kadha, kwa maana maji yachemkayo hayazidi joto hata moto ukiongezwa.

Sasa maji. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria huletwa kwa mabomba toka Ihelele hata miji ya Kahama na Shinyanga. Maji hayo husukumwa kwa nguvu za umeme; kwa hiyo aachaye bomba likivuja hupoteza maji na umeme pamoja. Maji yaliyooshea mboga yamwagiliwe mipapai, yasimwagwe njiani.

Walio karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita wajihadhari: maji yaliyooshewa mchanga wa dhahabu pamoja na zebaki yasitumiwe tena nyumbani, wala kwa bustani. Kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo.

Mwisho, twawapa waalimu hesabu ya kuwafunza watoto. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya bati yenye paa la mita 8 kwa mita 5 ina mita 40 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 20, paa hupokea lita 800, yaani madebe 40 ya lita 20. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa maji yarukayo na kumwagika, yabaki madebe 32. Mwenye mfereji wa bati na pipa safi lenye kifuniko amempunguzia mkewe safari 32 za kisimani. Asiye navyo ameyaacha yapite mlangoni pake, na kesho atamtuma mkewe kuyafuata mbali.