Bomba Moja, Lango Moja: Mafunzo ya Corona kwa Mitaa ya Shirere

Ijumaa, Machi 13, 2020, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 amepatikana nchini Kenya. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe. Kufikia Machi 27, nchi nzima ilikuwa chini ya kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Amri hizo zilitoka Nairobi. Maswali yaliyofuata, hata hivyo, yalikuwa ya nyumbani kabisa. Nani atajaza maji kwenye mtungi wa langoni? Mama mboga atauza saa ngapi? Mpangaji aliyepoteza kibarua atamwambia nini mwenye nyumba? Familia itamzikaje mzee wake? Hakuna ofisi iliyoweza kujibu maswali haya kwa kila ploti. Yalijibiwa, vizuri au vibaya, na majirani wenyewe.

Somo hili linawalenga wakazi wa wadi ya Shirere katika eneo bunge la Lurambi, ambako nyumba za kupanga na maboma ya familia yanapakana, na wengi hutumia bomba moja, choo kimoja na lango moja. Linaweza kusomwa nyumbani, katika chama, au katika baraza la chifu.

Ugonjwa hupitia wapi?

Virusi vya corona husafiri hasa kwa pumzi. Mtu aliyeambukizwa akikohoa, akizungumza au akiimba, matone madogo hutoka mdomoni na puani. Mengine huanguka karibu naye; mengine, madogo zaidi, huelea hewani kwa muda, hasa katika chumba kisichopitisha hewa. Ndiyo sababu madirisha ya matatu yalitakiwa kuwa wazi, na gari la abiria 14 likaagizwa kubeba 8 tu.

Jambo lililowachanganya wengi ni kwamba mtu huweza kuambukiza wengine kabla ya yeye mwenyewe kuhisi dalili. Dalili zinaweza kuchukua kati ya siku 2 na 14 kujitokeza. Hapo ndipo zilipotoka zile siku 14 za karantini.

Sabuni ina kazi yake pia. Virusi hivi vimezungukwa na utando wa mafuta. Sabuni huuvunja utando huo jinsi inavyoondoa mafuta kwenye sufuria, na virusi huharibika. Kazi hiyo inahitaji muda, angalau sekunde 20 za kusugua, pamoja na kati ya vidole. Maji matupu hayatoshi.

Katika ploti, njia za ugonjwa ni zile zile za maisha: foleni ya bomba asubuhi, korido nyembamba, chumba kimoja wanacholala watu watano, mazungumzo ya jioni mlangoni. Haiwezekani kumwambia mtu anayeishi hivyo ajitenge kama mwenye nyumba ya vyumba vinne. Kinachowezekana ni kupunguza nafasi za kuambukizana. Foleni ya bomba inaweza kupangwa kwa zamu. Dirisha linaweza kuachwa wazi. Mazungumzo yanaweza kuhamia uani, penye hewa.

Hesabu ya maji

Mwaka 2020, mitungi ya kunawia mikono ilionekana karibu kila lango na kila kibanda. Baada ya miezi kadhaa, mingi ilikuwa mikavu. Watu hawakuwa wamesahau umuhimu wa kunawa. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyejua ni zamu ya nani kujaza.

Chukua mfano wa ploti yenye vyumba 10 na watu 40. Kila mmoja akinawa mara 5 kwa siku, hizo ni mara 200. Kila mara ikitumia nusu lita, ploti inahitaji lita 100, yaani jerikeni 5 za lita 20. Zikigawanywa kwa vyumba 10, kila chumba kitaleta jerikeni moja kila siku mbili. Huo ni mzigo unaobebeka. Mzigo huo huo ukiachiwa mama mmoja anayekaa karibu na lango, atachoka kabla ya wiki kwisha.

Kwa hiyo, mtungi unahitaji vitu viwili: maji na orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Mahali ambapo maji ni adimu, jerikeni ndogo iliyotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyaga kwa mguu hutoa maji kidogo kidogo, na hakuna anayelazimika kushika mfereji kwa mkono mchafu.

Kibanda, kodi na kafyu

Kafyu ya saa moja jioni iliwabana zaidi wale wanaouza jioni. Mama mboga huuza zaidi wafanyakazi wanaporudi nyumbani, kati ya saa kumi na moja na saa mbili. Saa hizo zilipokatwa, sukuma wiki na nyanya zilibaki kibandani na kunyauka. Mwendesha boda boda naye aliruhusiwa kubeba abiria mmoja tu.

Serikali ya kitaifa ilitoa nafuu kadhaa. Ushuru wa VAT ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, 2020. Waliokuwa wakipata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato. Benki Kuu ilitoa mwongozo ulioruhusu mabenki kuwaongezea muda wateja walioshindwa kulipa mikopo kwa sababu ya janga.

Nafuu hizi hazikumfikia moja kwa moja mtu asiye na hati ya mshahara wala mkopo wa benki. Hata hivyo, zingeweza kumfikia kupitia mwingine. Mwenye nyumba aliyejenga kwa mkopo alikuwa na nafasi ya kuomba muda zaidi benki. Akipata muda, naye angeweza kumpa mpangaji muda, au kukubali kodi ilipwe kwa wiki badala ya mwezi. Lakini mazungumzo hayo lazima yaanze mapema. Mpangaji anayemwendea mwenye nyumba kabla ya tarehe ya kodi na kusema ana kiasi gani na atamaliza lini ana nafasi nzuri kuliko anayezima simu na kuingia nyumbani usiku kama mgeni. Mapatano yakifikiwa, yaandikwe, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, ili kila upande uwe na ushahidi.

Matanga

Hakuna lililowauma watu wa magharibi mwa Kenya kama masharti ya mazishi. Katika jamii ya Waluhya, kumzika mtu ni kazi ya ukoo mzima. Watu hulala matanga, hula pamoja, huimba, hutoa hotuba, na madeni na urithi huzungumzwa mbele ya mashahidi. Asiyefika huulizwa.

Mapema katika janga, mwaka 2020, waombolezaji waliruhusiwa kuwa 15 tu. Idadi hiyo ilipanda na kushuka kadiri hali ilivyobadilika. Kisha ikaja aina ya virusi iliyoitwa Delta. Juni 2021, kaunti 13 za magharibi, Nyanza na sehemu za Bonde la Ufa, Kakamega ikiwa mojawapo, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Mikutano ya hadhara na ibada za ana kwa ana zilisimamishwa. Mazishi yalitakiwa kufanyika ndani ya saa 72, na watu wasizidi 50.

Wengi waliona sheria hiyo kama dharau kwa marehemu. Hofu nayo ilizidisha uchungu. Aprili 2020, mazishi ya haraka yaliyofanywa usiku katika Kaunti ya Siaya yalizua hasira kote nchini. Ni vyema basi kuelewa hatari ilikuwa wapi. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu Machi 2020 kwamba hapakuwa na ushahidi wa watu kuambukizwa COVID-19 kwa kukaribia mwili wa aliyefariki. Marehemu alistahili kuzikwa kwa heshima, mchana, familia yake ikiwepo. Hatari ilikuwa kwa walio hai: hema moja, usiku kucha, nyimbo, sahani za pamoja, halafu kila mtu anarudi kijijini kwake. Disko matanga, zilizopigwa marufuku, zilikuwa na hatari zote hizo kwa pamoja, zikiongezewa pombe.

Jambo hili linabadilisha namna ya kupanga. Familia inaweza kulinda kiini cha desturi na kupunguza msongamano. Wanaolala matanga wawe wachache waliochaguliwa na ukoo, wengine wafike mchana kwa zamu. Mazungumzo ya madeni na urithi yanaweza kufanywa na wazee wachache, na uamuzi ukaandikwa. Mchango utumwe kwa simu. Mwaka 2020 Safaricom iliondoa ada kwa miamala ya M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000, na wengi walizoea kuchanga hivyo. Mkutano mkubwa wa kumbukumbu unaweza kufanyika baadaye, hali ikitulia. Mzee wa mtaa na kiongozi wa dini wakikubaliana na familia mapema, hakuna mjomba atakayelalamika kwamba alifungiwa nje.

Mgonjwa wa jirani

Mwanzoni, nyumba iliyotembelewa na gari la wizara ilinyooshewa vidole. Watoto wake walikatazwa kucheza na wenzao, na mama wa nyumba hiyo akakosa wateja. Matokeo yake ni rahisi kuyaona: aliyekohoa alijificha, hakupimwa, akaendelea kupanga foleni bombani. Jirani anayemsengenya mgonjwa hujihatarisha mwenyewe.

Kumsaidia mgonjwa aliyejitenga hakuhitaji kuingia chumbani kwake. Majirani wanaweza kumchotea maji na kuyaacha mlangoni, kumnunulia unga na dawa, na kumpigia simu asubuhi na jioni. Akianza kukosa pumzi, kuhisi maumivu ya kifua au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitalini bila kungoja asubuhi.

Kiungo muhimu hapa ni mhudumu wa afya ya jamii. Kwa kawaida kila mmoja huhudumia takriban nyumba 100. Kwa miaka mingi wahudumu hawa walikuwa wa kujitolea. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu 100,000 wenye vifaa na posho. Mkazi anapaswa kumjua wa eneo lake kwa jina na kuwa na nambari yake ya simu kabla ya kumhitaji.

Watoto na usalama nyumbani

Shule zilifungwa Machi 2020. Wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba 12, na wengine wote Januari 4, 2021. Kwa miezi hiyo, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilitoa masomo kupitia redio na runinga. Palipokuwa na redio moja, watoto wa nyumba mbili tatu waliweza kusikiliza uani, kila mmoja na kitabu chake, chini ya uangalizi wa mtu mzima.

Uangalizi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko masomo. Wazazi waliendelea kutafuta riziki, na watoto walibaki peke yao. Dhuluma nyingi hufanywa na mtu anayefahamika. Anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa apige simu 116 bila malipo. Kwa dhuluma za kijinsia, nambari ni 1195.

Janga lijalo

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya COVID-19 Mei 5, 2023. Julai 31, 2024, Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa mpox, katika mpaka wa Taveta. Magonjwa mapya yataendelea kuja, na njia zake hazifanani. Mpox huenea hasa kwa kugusana ngozi na kutumia matandiko ya mgonjwa. Kipindupindu hupitia maji na chakula kilichochafuliwa. Kwa hivyo, swali la kwanza la ploti liwe: ugonjwa huu unapita wapi? Swali la pili: hapa kwetu, nani atafanya nini?

Ploti yenye orodha ya zamu ya maji, nambari ya mhudumu wa afya, mtu wa kuzungumza na mwenye nyumba, na mapatano kuhusu matanga itakuwa imeanza kazi siku ya kwanza ya tangazo. Isiyo navyo itaanza kugombana.

Maswali ya kujadili

1. Katika ploti au boma lenu, mtungi wa kunawia ulikauka lini baada ya 2020, na kwa nini?
2. Mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu ni nani? Ni wangapi kati yenu walio na nambari yake?
3. Ni sehemu gani za matanga ambazo ukoo wenu hauwezi kuziacha, na zipi zinaweza kungoja?
4. Mpangaji akipoteza kazi leo, atazungumza na nani kwanza?
5. Ni mtoto gani katika mtaa wenu anayebaki peke yake mchana, na nani anamwangalia?

Majibu yaandikwe na kuwasilishwa kwa mzee wa mtaa, ili baraza lijalo lianzie hapo.